Mchuchumio usiotesa: pedi, fundi, kiatu kingine au pea ya pili kwenye pochi?

Kwenye kicheni pati nyingi za Dar, ikifika saa tatu usiku, chini ya meza kuna viatu virefu vimevuliwa na wenye viatu wanacheza pekupeku. Wengi wao si kwamba hawajui kuvaa mchuchumio. Wameshanunua pedi, wamejaribu kupanua kwa soksi, wameambiwa na shoga zao kwamba mguu utazoea. Mguu haujazoea, kwa sababu dawa waliyoitumia haikuwa ya ugonjwa wao.

Simshawishi mtu aache kiatu kirefu. Kina nafasi yake, ofisini Posta, kanisani, ukumbini Mlimani City, na ukikipatia kinakupa mwendo mzuri. Ninachotaka ni mtu asitoe hela kabla hajajua maumivu yake yanatoka wapi. Njia kubwa ni nne: kuweka pedi ndani ya kiatu, kumpelekea fundi, kubadili aina ya kiatu, au kubeba pea ya pili na kubadilisha njiani. Zote zinasaidia, ila hazisaidii kitu kimoja.

Kabla ya kuchagua, pima haya

La kwanza na kubwa kuliko yote: panauma wapi? Kisigino kikiinuka, uzito wa mwili unahamia mbele, kwenye ile sehemu nene ya unyayo iliyo nyuma ya vidole. Pakiwaka moto hapo, tatizo ni uzito. Kidole gumba na kidole cha mwisho vikibanwa pembeni, tatizo ni upana. Lengelenge nyuma ya kisigino maana yake kiatu kinacheza na kusugua. Vidole vikigonga mbele, mguu unateleza kushuka ndani ya kiatu. Ukiona ni shavu la mguu, goti au kiuno vinavyolalamika, hapo tunazungumzia urefu wenyewe.

La pili ni ukubwa, na hili usilikisie. Simama peku juu ya karatasi jioni, mtu akuchoree mguu kwa kalamu iliyosimama wima, kisha weka kiatu juu ya mchoro. Mchoro ukitokeza pembeni mwa kiatu, kiatu hicho ni chembamba kwa mguu wako, hata kama namba ni yako ya siku zote. Nasema jioni kwa sababu mguu huvimba kadiri siku inavyokwenda, na kwa joto la Dar la kuanzia Desemba hadi Machi tofauti ya asubuhi na jioni unaiona kwa macho. Kiatu kilichokutosha sawasawa saa tatu asubuhi dukani Kariakoo kinaweza kukukaba saa moja usiku ukumbini.

Mengine ni ya haraka. Kiatu ni ngozi au plastiki? Utasimama, utatembea au utakaa? Na chini pana nini: marumaru, pevingi, mchanga, au ngazi za daraja la waenda kwa miguu? Ukishayajibu hayo, soma yafuatayo ukiwa na kiatu chako mkononi.

Pedi za ndani

*Zinatibu nini.* Maumivu ya uzito, na msuguano mdogo. Zipo za silikoni, yaani zile za jeli zinazong'aa, na zipo za sponji. Za sponji hubonyea mapema na zikishabonyea hazirudi. Za jeli hudumu, na zikichafuka unaziosha kwa maji na sabuni, unaziacha zikauke, gundi yake inarudi kushika.

Umbo la pedi ndilo linaloamua kazi yake. Kuna pana ya kulala chini ya mbele ya unyayo, ambayo inapunguza kuwaka. Kuna ndogo yenye mwinuko wa mviringo, ambayo wengi huiweka pasipo pake. Hii haikai chini ya sehemu inayouma. Inakaa nyuma yake kidogo, kuelekea katikati ya mguu, ili iinue mifupa na kuugawa ule mzigo. Ukiiweka chini ya panapouma, umeongeza jiwe juu ya kidonda. Njia ya kupapata ni rahisi: paka rangi ya mdomo juu ya ile nundu ya unyayo inayouma, vaa kiatu, kanyaga, vua. Alama inabaki ndani ya kiatu. Pedi yako ianze pale alama inapoishia kwa upande wa nyuma. Kuna pia vipande vya kubandika nyuma, ndani ya ukuta wa kisigino, kwa kiatu kinachochomoka nyuma unapotembea.

*Zinapogoma.* Pedi inakula nafasi, na hili ndilo linalowaangusha watu. Kama kiatu tayari kinabana, pedi inakibana zaidi. Namba moja ya viatu vya Ulaya, kwa mfano kutoka 38 hadi 39, ni tofauti ya milimita zisizofika saba kwa urefu. Ukiongeza pedi nene mbele na nyingine nyuma, nafasi ya namba nzima imeliwa. Pedi haiwezi kupanua kiatu, wala haiwezi kupunguza urefu. Na jasho letu la mwambao huifanya iteleze, hasa kwenye kiatu cha wazi kisicho na pa kuizuia. Futa kiatu ndani kwa kitambaa chenye spiriti kidogo kabla hujabandika, itashika vizuri zaidi.

*Mfukoni.* Kati ya njia za kutoa hela ni ya bei ya chini, na unaihamisha kutoka kiatu hadi kiatu.

*Zinamfaa nani.* Mwenye kiatu kinachomtosha kwa upana, au kinachozidi kidogo, anayewaka mbele baada ya saa kadhaa. Pia anayetumia kiatu cha kuazima kwa dada mwenye mguu mkubwa kidogo.

Fundi viatu

Watu wengi wa Dar wanamkumbuka fundi viatu soli ikishabanduka. Mimi naona ndiye anayedharauliwa kuliko wote katika jambo hili, na ndiye anayeweza kufanya mambo ambayo hakuna pedi itakayoyafanya.

*Anatibu nini.* Tuanze na kile kipande kidogo kilicho chini kabisa ya kisigino, kinachogusa ardhi. Kikiisha, msumari unatokeza, unasikia kiatu kinalia kwenye marumaru, na kila hatua unateleza kidogo bila kujua. Mwili unajikaza ili usianguke, na jioni unasema kiuno kinauma. Mpe fundi. Anakupa ndala ukae kwenye benchi, anakivika kiatu juu ya chuma chake cha miguu mitatu, anang'oa kipande cha zamani kwa koleo, anagonga kipya, anakata kingo kwa kisu kile chembamba kilichonolewa hadi kimebaki nusu, anamalizia kwa msasa. Hiyo ni kazi ya muda mfupi ukimsubiri hapohapo. Hakikisha amebadilisha viatu vyote viwili hata kama kimoja kinaonekana kizima, la sivyo utatembea umeinama upande.

La pili ni kupanua. Fundi mwenye kalibu za mti, zile zenye umbo la mguu, anakivalisha kiatu cha ngozi usiku mmoja au miwili, na kama una nundu ya mfupa pembeni mwa kidole gumba, anaweza kupanua hapo tu bila kukilegeza kiatu kizima. Mwonyeshe kwa kidole, au tia alama ya chaki kwa nje.

La tatu, ambalo wachache wanalijua, ni kuongeza kamba ya kifundoni au ya kukatisha juu ya mguu. Kiatu kirefu kisicho na kamba kinaachia mguu ushuke mbele, vidole vinajikunja kujaribu kukishika. Kamba inaushika mguu nyuma unapopaswa kukaa, na mara nyingi hiyo peke yake inamaliza vidole kugonga. Kwenye kiatu cheusi cha kazini kazi hiyo haionekani kama nyongeza, mradi fundi atumie ngozi inayofanana.

La nne ni soli nyembamba ya mpira chini ya nusu ya mbele. Inazuia kuteleza na kupunguza ugumu wa sakafu.

*Anapogoma.* Plastiki. Ukimpelekea kiatu cha ngozi bandia akupanulie, fundi mkweli atakwambia, "Dada, hiki nikikivuta kitapasuka." Mwamini. Ngozi bandia inavutika kidogo sana, kisha inachanika au kubanduka rangi. Kukata kisigino nako kuna mpaka. Sentimita moja, moja na nusu, kinakubali. Ukizidisha hapo, pua ya kiatu inanyanyuka hewani, kwa sababu ndani ya soli kuna ubao wa chuma uliopindwa kwa ajili ya urefu ule wa mwanzo. Na hakuna fundi atakayekirefusha kiatu kifupi: kama vidole vimefika ukutani, kiuze au kigawe.

*Mfukoni.* Kazi ndogo ni nafuu, kubwa inategemea kiatu na mtaa. Elewaneni bei kabla hujavua kiatu, na mwulize kama vifaa ni vyake au unaleta wewe.

*Anamfaa nani.* Mwenye kiatu kizuri cha ngozi anachokipenda, kinachombana mahali pamoja au kilichochakaa chini. Na mpenzi wa mtumba, huyu hana budi kuwa na fundi wake.

Kwa kuwa nimetaja mtumba: viatu vingi vya ngozi halisi utavikuta Karume au Mwenge vikiwa mtumba, vizuri kuliko vipya vya bei hiyohiyo. Lakini kabla hujatoa hela, weka kiatu juu ya meza iliyonyooka ukitazame kwa nyuma. Kisigino kikiinama upande, achana nacho. Kisha kishike pua kwa mkono mmoja na kisigino kwa mwingine, ukikunje. Kinatakiwa kukunjika pale vidole vinapokunjikia. Kikikunjika katikati, ule ubao wa chuma umevunjika na mguu wako hautapata pa kuegemea. Mwisho bonyeza soli kwa ukucha. Soli za poliyurethani, yaani zile za plastiki laini kama sponji, zilizokaa stoo miaka mingi kwenye unyevu huoza kwa ndani, zinaonekana nzima dukani kisha zinameguka kama keki kavu siku ya kwanza ya kuvaa.

Kiatu cha aina nyingine

*Kinatibu nini.* Urefu, upana na kuyumba, kwa pamoja. Chukua hesabu hii. Mtu wa kilo 60 akikanyaga hatua, kuna nukta ambapo karibu uzito wote uko kwenye kisigino kimoja. Kisigino chembamba chenye ncha ya sentimita moja ya mraba kinabeba kilo zote 60 kwenye sentimita hiyo. Kisigino kinene cha sentimita nne kwa nne kina sentimita 16 za mraba, kwa hiyo kila moja inabeba chini ya kilo nne. Ndiyo maana chembamba kinazama kwenye mchanga wa Kigamboni, kinanasa kati ya pevingi, na kinakutia wasiwasi kwenye bati la kushukia pantoni.

Urefu nao hupimwa kwa kutoa. Kisigino cha sentimita 10 chenye soli ya mbele ya sentimita tatu kinakuinua sawa na cha 10, lakini mguu wako umeinama kwa sentimita saba tu. Mama zetu waliovaa raizoni, vile viatu vya soli nene, miaka ya 1970 walipata urefu bila kuchuchumaa sana. Kile kilichojaa chini chote, kuanzia kisigino hadi katikati ya mguu, kinagawa uzito vizuri zaidi, na kwenye bustani au ufukweni sioni mpinzani wake.

Halafu tazama pua. Iliyochongoka sana inabana vidole hata kisigino kikiwa kifupi. Ya mviringo, au iliyochongoka taratibu, inaacha vidole vilale.

*Kinapogoma.* Kwenye gauni fulani kisigino kinene hakikai vizuri, na hilo si jambo dogo kwa mtu anayejali mavazi yake. Soli nene ya mbele haikunjiki, kwa hiyo ukikosea ngazi, kifundo cha mguu kinapinda vibaya. Na kiatu kilichojaa chini huwa kizito.

*Mfukoni.* Hii ni njia ya gharama kubwa kwa siku moja. Ukikivaa kila wiki kwa mwaka, hesabu inageuka.

*Kinamfaa nani.* Anayevaa virefu karibu kila siku, mwenye mguu mpana, anayesimama kuliko kutembea: mhudumu wa benki, mwalimu, mpokeaji wageni. Pedi peke yake haitamvusha huyu.

Pea ya pili

*Inatibu nini.* Muda. Hakuna pedi wala fundi anayeweza kupunguza saa unazokaa juu ya kisigino, isipokuwa kuvua. Panda mwendokasi asubuhi kutoka Kimara kwenda Kivukoni uangalie miguu ya kina dada waliovaa suti: raba, kobazi, simpo. Mchuchumio uko kwenye pochi au kwenye droo ya ofisini. Daraja la kituoni, msukumano mlangoni, kusimama hadi Magomeni, yote hayo wameyaondoa kwenye hesabu ya mguu.

*Inapogoma.* Inataka nidhamu na nafasi kwenye mkoba. Pia tazama unachobadilishia. Ndala nyembamba iliyolala kabisa si pumziko kwa aliyezoea virefu kila siku, maana misuli ya shavu la mguu hufupika na ule mshipa mkubwa wa nyuma ya kifundo hukakamaa. Ukishuka ghafla hadi chini, unavuta. Mtu wa aina hiyo abebe kiatu chenye kisigino cha sentimita mbili au tatu, na jioni asimame kwenye ngazi, visigino vikining'inia nje, avishushe taratibu ili misuli inyooke.

*Mfukoni.* Mara nyingi ni bure, kiatu hicho unacho tayari.

*Inamfaa nani.* Anayesafiri kwa daladala, mwendokasi au bodaboda, na kila anayekwenda sherehe itakayopita saa nne usiku.

Yasiyo kwenye orodha

Dawa za kupulizia ganzi siziweki kwenye mizani hii. Maumivu yanakwambia kuna kitu kinabanwa au kinachubuka. Ukiyanyamazisha unaendelea kujiumiza bila taarifa. Kuchemsha kiatu au kukipitisha karibu na pasi kunalegeza gundi. Kuvaa nyumbani na soksi nene, nusu saa nusu saa, kunasaidia kiatu cha ngozi kilichobana kidogo, na ni hatua ya kujaribu kabla ya fundi.

Kwa hali yako

*Unafanya kazi mjini na unapanda usafiri wa umma.* Anza na pea ya pili, halafu pedi ya mbele kwenye kiatu cha ofisini. Kama baada ya hapo bado unawaka, kiatu cha ofisini kibadilike kiwe cha kisigino kinene.

*Wewe ni bibi harusi au msimamizi.* Hapa kuna mtego wa gauni. Fundi nguo anakata pindo kwa urefu wa kiatu ulichovaa siku ya kupimwa. Ukivua na kuvaa simpo saa mbili usiku, pindo linaburuza na utalikanyaga wakati wa kuingia kukata keki. Nenda kupimwa na pea zote mbili, na ya pili iwe yenye soli nene inayokaribia urefu wa ya kwanza. Kamba ya kifundoni mpe fundi viatu aiweke wiki mbili kabla, si siku ya mkesha.

*Sherehe ni ufukweni au bustanini.* Kiatu kilichojaa chini. Pedi na fundi havitabadilisha mchanga.

*Una kiatu kimoja cha gharama, cha ngozi, kinachobana kidole kimoja.* Fundi, upanuaji wa mahali pamoja. Usiguse pedi kwanza.

*Kiatu ni cha plastiki na kinabana pande zote.* Hakuna kati ya njia za kukirekebisha itakayokufaa. Mpe mdogo wako mwenye mguu mwembamba, na ukinunua kingine nenda dukani saa kumi na moja jioni.

*Una mimba.* Mwili unalegeza viungo na mizani inabadilika. Kisigino kifupi na kinene, chenye kamba, au pea ya chini moja kwa moja.

*Una kisukari, au vidole vinakufa ganzi.* Usianze na duka wala fundi. Mwenye kisukari anaweza kupata lengelenge asilihisi, na lengelenge likageuka kidonda kisichopona. Vivyo hivyo maumivu yanayobaki hata siku ambazo hujavaa kiatu kirefu, au kidole gumba kinachozidi kulala juu ya mwenzake: muone daktari, na ukienda beba kiatu unachokivaa zaidi, maana soli iliyoliwa upande mmoja itamwonyesha unavyokanyaga.